Tusinunue Minyororo Kabla ya Kujua Matope Yetu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Woodley, Nairobi



Tunajua wengine wenu mmetembea na viatu mkononi hadi kufika lami, ndipo mkapata matatu. Basi hatutawachosha kwa utangulizi mrefu. Mada yetu ni hayo hayo matope mliyoyaacha nyumbani.

Swali ambalo vikundi vingi vimetuletea ni hili: mvua ikianza, gari letu linakwama. Mboga za akina mama hazifiki soko la Toi, maziwa yanaharibika, mgonjwa hafiki hospitali. Je, tununue kitu gani cha kuvisha matairi ili yashike njia? Wengine wameambiwa minyororo, wengine matairi ya theluji, wengine wanataka kukopa pesa wauze hii pikapu na kununua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Kabla haijatoka kwenye sanduku, tuelewane.

TUANZE NA KOSA LETU WENYEWE

Sisi wa kamati ya usafiri hatuji hapa kama wajuaji. Mwaka mmoja marafiki zetu wa ng'ambo, watu wema kabisa, walisikia tukilia juu ya barabara wakatutumia katoni. Ndani mlikuwa na soksi. Si za miguu, ni soksi za matairi! Ni kitambaa kigumu unachokivuta juu ya tairi kama vile unavyomvisha mtoto. Kwao, theluji ikianguka, mtu huvisha hizo soksi na gari linapanda kilima. Tulifurahi sana. Na kwa kuwa gari letu ni dogo, tulitoa beleshi na mbao mbili zilizokuwa nyuma ili tupate nafasi ya ile katoni.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili tukaitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Tulipofika kwenye bonde gari ikakwama. Tukavisha soksi. Dereva alipokanyaga mafuta, kitambaa kilijaa tope, kikajiviringisha, na mawe yaliyokuwa chini yakakipasua. Hatukwenda hata hatua kumi. Hatukuwa na beleshi. Hatukuwa na mbao. Tulimbeba yule mama kwa blanketi, watu sita, tukielekea barabara kubwa, na mtoto akazaliwa njiani chini ya mwavuli. Mama na mtoto wako hai, tunamshukuru Mungu. Lakini hatukulala tukijiuliza: kama wangekufa, tungesema nini? Kwamba tulitoa beleshi ili tuweke soksi?

Kile kitambaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimetengenezwa kwa shida nyingine. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza.

THELUJI SI MATOPE

Theluji yetu sisi iko juu ya Mlima Kenya, na hakuna matatu inayopanda huko. Lakini vifaa vingi vinavyouzwa vya kusaidia matairi vilibuniwa katika nchi za baridi, kwa hiyo ni vizuri tujue vinafanyaje kazi.

Tairi hushika njia kwa mambo mawili: uzito unaoligandamiza chini, na jinsi mpira unavyong'ang'ania ardhi. Theluji ikikanyagwa inashikamana, inakuwa ngumu kama unga uliofinywa kiganjani. Kwa hiyo meno ya tairi au kitambaa chenye nyuzi hupata kitu cha kushika. Barafu nayo ni ngumu tayari, ila ikiwa na majimaji juu yake inateleza kama sabuni. Ndiyo maana watu wa huko hutumia minyororo, au matairi yenye misumari midogo inayochoma ile barafu. Wengine humwaga mchanga au majivu.

Matope ni mambo mengine. Ukiyakanyaga hayashikamani, yanakimbia pembeni. Na yakinata, yanajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama chupa. Hapo tairi jipya na tairi kipara ni ndugu. Majivu nayo, yanayosaidia juu ya barafu, ukiyamwaga kwenye tope yanazidisha uji tu. Kwenye tope mwaga kokoto, murram yenye changarawe, au matawi.

JUENI TOPE LENU KWA FIMBO

Kabla ya kwenda dukani, chukueni fimbo nyofu muende pale mahali ambapo gari hukwama. Ichomekeni kwenye tope kwa nguvu. Mnataka kujua jambo moja tu: je, chini kuna ardhi ngumu, na iko umbali gani?

Kwanza, kuna tope jembamba juu ya ardhi ngumu. Hili ndilo la barabara nyingi za udongo mwekundu huko Kikuyu, Limuru na Murang'a, hasa kwenye vilima. Fimbo inaingia vidole vichache inagonga. Hapa mnyororo ni dawa. Unakata lile tope la juu na kuuma ardhi ngumu iliyo chini.

Pili, kuna udongo mweusi wa tambarare, kama ule wa Athi na Kitengela. Huu ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa unanywa maji na kuvimba, kisha unanata kama ugali mbichi. Fimbo ikigota kabla ya kufika shubiri moja, mnyororo unaweza kusaidia. Ikiendelea kuzama, mnyororo utakuwa jembe: utachimba, na gari litashuka mpaka lilale kwa tumbo. Hapa mnahitaji kutandaza uzito kwa mbao na matawi, au kungoja.

Tatu, kuna mchanga wa makorongo ya sehemu kavu. Hapa msivishe minyororo kabisa, itachimba kaburi. Punguzeni upepo wa matairi, na wekeni mbao.

Mmeona? Vijiji viwili vinaweza kupakana na kila kimoja kikahitaji kitu chake. Msinunue kwa sababu kikundi cha jirani kimenunua.

VIFAA, KIMOJA KIMOJA

Beleshi, jembe na mbao. Hivi ndivyo vya kwanza, kwa gari lolote na tope lolote. Mbao mbili nene, ndefu kama mkono wa mtu mzima au zaidi. Moja pia huwekwa chini ya jeki, maana jeki ikisimama kwenye tope inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Siku hizi kuna vibao vya plastiki vyenye meno. Ni vyepesi na vinafanya kazi, lakini msivikope hela wakati mna mbao nyumbani.

Kupunguza upepo. Hii haina gharama. Tairi likiwa na presha 30, mkishusha hadi kama 20, linatandaa chini na kukanyaga mahali pakubwa zaidi, kwa hiyo halizami haraka. Msishushe sana, tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi, na gari lililobeba mzigo mzito lisishushwe hivyo. Tena endesheni polepole, na mkifika njia nzuri jazeni upepo mara moja. Kwa hiyo pampu ya mkono au ya miguu lazima iwe ndani ya gari. Mtu asishushe upepo ambao hana njia ya kuurudisha.

Minyororo. Kuna aina mbili mtakazoonyeshwa. Moja imepangwa kama ngazi: vipande vinavyopita juu ya tairi kimoja kimoja. Hii hujikung'uta tope vizuri na ni rahisi kurekebishwa, lakini gari linaweza kuserereka ubavu. Ya pili imesukwa kama wavu. Hiyo inashika hata gari likitaka kwenda kando, na hairukiruki sana, lakini matundu yake yakiwa madogo yanajaa tope. Kwa kilima chenye kona na mtaro mrefu pembeni, wavu wenye matundu makubwa ni salama zaidi. Kwa tope la njia iliyonyooka, ngazi inatosha. Ile nyepesi ya waya ni ya theluji. Mawe yetu yataikata.

Mnyororo lazima ulingane na tairi. Nendeni mkiwa mmeandika namba zilizo ubavuni mwa tairi. Angalieni pia kama kuna nafasi kati ya tairi na bodi na paipu za breki. Mnyororo unaopiga paipu ya breki ni hatari kuliko matope yenyewe. Hata ile desturi ya kufunga kamba ya katani kwenye gurudumu ina hatari hiyo hiyo, ikikatika na kujisokota huko ndani.

Mnyororo huvishwa magurudumu yanayovuta. Pikapu nyingi za kawaida huvuta kwa nyuma. Probox nyingi huvuta kwa mbele. Muulizeni fundi wenu kama hamna hakika, kwa sababu tumeona watu wakihangaika saa nzima kuvisha magurudumu yasiyovuta! Gari la magurudumu manne ni bora livishwe yote manne; kama mna jozi moja tu, fuateni kitabu cha gari.

Mkishavisha, endeni mita 100 hivi, simameni, kazeni tena. Mwendo usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa. Mkifika lami, vueni. Lami inaumia, mnyororo unakatika, na kipande kilichokatika kinaweza kumuumiza mtu.

Gari la magurudumu manne. Lina nguvu ya kuondoka, ni kweli. Lakini halina nguvu ya ziada ya kusimama. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, breki za gari hilo zinateleza sawa na za pikapu. Linakula mafuta zaidi na vipuri vyake ni ghali. Kabla ya kukopa, kikundi kijiulize: je, ni barabara yote mbaya, au ni yale mabonde mawili tu?

MSIDANGANYWE NA MAANDISHI

Hapa kwetu magari mengi huja kutoka Japani yakiwa yametumika. Sehemu za Japani zina theluji nyingi, kwa hiyo baadhi huja na matairi ya baridi. Yana meno mengi yenye mikato myembamba, na ubavuni mara nyingi pameandikwa STUDLESS, au pana alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Mtu atakuambia, "Hii ni ya matope, shika haraka." La hasha. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Nairobi hata asubuhi ya Julai kwa kawaida haifiki hapo. Kwenye lami yetu yenye jua mpira huo unalika upesi, na ile mikato myembamba inajaa tope mara moja.

Mtaona pia herufi M na S, maana yake matope na theluji. Herufi hizo zinaeleza umbo la meno, na mwenye kiwanda huziandika mwenyewe. Si cheti cha kwamba tairi limejaribiwa kwenye bonde lenu. Kwa matope tafuteni meno makubwa yaliyoachana, ambayo tairi likizunguka yanatupa tope nje.

Someni na umri. Ubavuni kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini mpira mkavu wenye nyufa ni mzigo, si msaada.

DEREVA NI KIFAA PIA

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilizoea kufanyika wakati wa Pasaka, mvua ikiwa imekolea. Mwaka 1963 magari 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968 tena, 7 tu. Na mshindi wa miaka hiyo yote miwili? Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Haikuwa gari la magurudumu manne. Ni ile ile 404 iliyokuwa ikibeba watu na kuku kwenda sokoni.

Hatusemi madereva wetu wakimbie kama wale. Tunasema mkono wa dereva ni mali ya kikundi, nao ufundishwe. Aingie topeni kwa gia ndogo na mwendo usiobadilika. Gurudumu likianza kuzunguka bure, aondoe mguu. Akizidi kukanyaga, anachimba. Ashuke, atazame, achimbe mbele ya magurudumu, aweke mbao, ndipo ajaribu.

Na wanaosukuma wajihadhari. Mtu asisimame nyuma ya gurudumu lenye mbao chini yake, maana linaweza kuirusha kama risasi. Gari likivutwa kwa kamba, watu wote wakae mbali. Kamba ikikatika inachapa. Mnyororo uvishwe injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na jiwe limewekwa kwenye gurudumu. Fanyeni zoezi nyumbani, mchana, pakiwa pakavu. Usiku wa mvua si wakati wa kujifunza.

PALE AMBAPO HAKUNA KIFAA

Jambo hili tunalisema kwa uzito. Vifaa hivi vyote ni vya matope. Hakuna hata kimoja cha maji yanayokwenda. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakielekea harusi lilijaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi, ukiwa umefurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa watu wa kanisa kama sisi.

Maji yakiinua gari, uzito haupo tena juu ya matairi, na bila uzito hakuna mnyororo unaoshika chochote. Kwa hiyo kikundi kiandike sheria, na kimpe dereva uwezo wa kusema "hapana" hata mwenyekiti akiwa ndani ya gari. Harusi ingoje. Mboga zioze.

SASA TUFANYEJE?

Shauri letu ni kufuata mpangilio huu. Kwanza, pimeni kwa fimbo. Pili, wekeni beleshi, jembe, mbao, kamba na pampu ndani ya gari, na mtu mmoja aandikiwe jukumu la kuvikagua kila Jumamosi. Tatu, tengenezeni mahali pabovu. Mtaro mmoja wa kutoa maji na mikokoteni ya mawe kwenye hatua 50 za bonde vinaweza kuzuia gari kukwama, jambo ambalo mnyororo hauwezi; mnyororo unasubiri likwame. Tukishika majembe pamoja, siku mbili za Harambee zinatosha. Nne, kama baada ya hayo bado kuna kilima chenye tope jembamba, nunueni minyororo jozi moja, ya kipimo sawasawa. Mambo ya gari kubwa yaje mwisho.

Mnakumbuka habari ya mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka: kwanza hesabu, ndipo ujenge.

Sisi tulirudisha beleshi kwenye gari. Lile bonde tulilichimbia mtaro na kulijaza mawe, pamoja na baba wa yule mtoto, ambaye alikuja siku zote mbili na jembe lake. Soksi zilizobaki akina mama walizishona zikawa mifuko ya kubebea viazi, na kwa kazi hiyo ni imara kweli kweli.

Mungu awabariki, na awafikishe nyumbani salama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu, au lile tunalokodi, hukwama wapi hasa? Ni mahali pangapi?
2. Fimbo imetuonyesha nini? Ardhi ngumu iko karibu au mbali?
3. Ndani ya gari leo kuna vifaa gani? Nani anavikagua?
4. Ni nani mwenye uwezo wa kusema safari isiendelee? Je, tunamheshimu akisema hivyo?
5. Tukitoa siku mbili za kazi kabla ya mvua ya Machi, tutengeneze wapi kwanza?